Miaka minne ya ukocha bila mkataba: niiandikeje kwenye wasifu wa kazi?

Kocha wa Katuba aliuliza:
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina umri wa miaka 31, na kwa miaka minne nimekuwa nikiwafundisha soka watoto wa chini ya miaka 15 kwenye uwanja wa vumbi hapa Katuba, bila mkataba wala mshahara, isipokuwa mchango mdogo wa wazazi unaonunua mipira. Sasa shule moja ya binafsi hapa Lubumbashi inatafuta kocha wa michezo, nayo inataka wasifu wa kazi na barua ya maombi, vyote kwa Kifaransa. Nimeandika kurasa tatu, na karibu mbili zinaeleza nilivyocheza nikiwa kijana, kwa sababu huko ndiko nina karatasi za kuthibitisha. Leseni D ya ukocha ya CAF, yaani Shirikisho la Soka la Afrika, ninayo. Lakini je, miaka ya Katuba, ambayo haina hata karatasi moja, niiandike?

Mama Mwalimu, Kampemba:
Mdogo wangu, iandike, tena uiweke juu kabisa. Nimewahi kukaa katika kamati ya kuchagua kocha kwenye shule ninayofundisha, na maombi mengi yalijaa magoli ya zamani, ilhali sisi tulikuwa tunatafuta mtu wa kumkabidhi watoto. Usiandike tu kwamba ulifundisha. Andika ni watoto wangapi, wa umri gani, mara ngapi kwa juma, na wasichana walikuwamo au hawakuwamo. Eleza pia ulivyopanga mazoezi mvua zinapoanza kunyesha mwezi wa Novemba na uwanja ukageuka matope, maana hapo ndipo tunapomtambua mwenye mpango na asiye nao. Kama unaweza kufundisha mpira wa kikapu au riadha, sema, kwa kuwa shule haichezi soka peke yake.

Kuhusu karatasi, waombe wazazi wawili au watatu, pamoja na mkuu wa shule wanakosoma watoto wako, wakuandikie barua fupi zenye tarehe, saini na nambari ya simu. Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: eleza unavyolinda usalama wa watoto. Mtoto aliyegongwa kichwa na kuanza kuona kizunguzungu hapaswi kurudi uwanjani siku hiyo, na mzazi wake lazima aambiwe. Mtu akiandika hivyo kwenye barua yake, mimi husoma mpaka mwisho.

Kocha mstaafu, Ruashi:
Nakubaliana na Mama Mwalimu, ila nisingefuta uchezaji wote: ibakize mistari miwili, kwa kuwa watoto humsikiliza upesi zaidi mtu aliyewahi kucheza. Leseni yako iandike jinsi ilivyo, pamoja na mwaka ulioipata. Ngazi za CAF zinaanzia D, kisha C, B, A na ile ya juu kabisa, Pro, na hakuna aibu kuwa kwenye ngazi ya kwanza. Nilimwona kijana aliyeandika C wakati bado alikuwa anasubiri kozi. Alipoombwa cheti alikosa la kusema, na habari hiyo ikamfuata kwenye viwanja vingine. Usitaje pia timu unayoishabikia. Mazembe na Lupopo zote zilizaliwa katika mji huu mwaka 1939, na hujui atakayesoma karatasi zako yuko upande gani. Kurasa mbili zinatosha, na Kifaransa chake kikaguliwe na mwalimu wa lugha kabla hujapeleka.

Kocha wa Katuba:
Yaya, na wewe Baba Kocha, nawashukuru sana. Nimelifungua daftari langu la mahudhurio, nikahesabu watoto 46, wakiwemo wasichana 9, na vipindi vitatu kila juma vya dakika 75. Sasa mstari wa kwanza unasema: «Nilisaidia kufundisha watoto 46 wa miaka 9 hadi 14, Katuba.» Mkuu wa shule ya jirani amekubali kuniandikia barua.

Mama Mwalimu, Kampemba:
Futa neno «nilisaidia». Kama ulikuwa peke yako uwanjani, basi ulifundisha. Na daftari hilo ulibebe siku ya mahojiano, hata kama limechakaa.