PC ya zamani yenye ovakloki inaanguka ovyo: tupeane uzoefu

Mtunza_Bodi: Wakuu, mashine zenye prosesa ya Intel i5-2500K zilizokaa kwenye ovakloki (kasi juu ya ile ya kiwandani) ya 4.5 GHz miaka na miaka sasa zinaanza vituko: skrini ya bluu yenye kodi ya kosa 0x124, au zinazima na kujiwasha zenyewe. Mafundi wengi wanakimbilia kuongeza volti, na hapo ndipo prosesa nzima zinapouawa. Tuwekeane hapa dalili, namba na dawa. Naanza mimi: rudisha BIOS (programu ya mipangilio iliyo kwenye bodi) kwenye mpangilio wa kiwandani, mashine itumike hivyo siku mbili. Ikianguka hata kwenye 3.3 GHz yake ya asili, ovakloki haihusiki. Tafuta RAM, pawa saplai au diski.

Waya_Mwekundu: Naunga mkono. Na kadi ya grafiki nayo irudishwe kasi yake ya kawaida. Hiyo husahauliwa kila siku.

Rejesta64: Inayochosha kuliko zote ni ile inayoanguka ikiwa haina kazi. Programu ya Prime95, inayoipa prosesa mzigo mzito, saa 12 inapita vizuri, nyuzi 71. Mwenyewe anaondoka kunywa chai, akirudi anakuta imejiwasha upya. Sababu yake ni hii: aliyeiseti alipandisha LLC (mpangilio wa BIOS unaozuia volti kushuka mzigo ukija) hadi mwisho, akaona volti za mzigo zimezidi, akazishusha kwa ofseti hasi (kiasi kinachotolewa kwenye volti za prosesa), tuseme volti -0.040. Kwenye mzigo mambo yanakuwa sawa, lakini ofseti inakata kila mahali, hata prosesa ikishuka 1.6 GHz kupumzika. Huko chini volti tayari ni kidogo, ukipunguza tena inazimia. Dawa: shusha LLC ngazi moja au mbili, rudisha ofseti sifuri au juu yake kidogo, kisha angalia kwenye programu ya CPU-Z volti za mzigo zibaki zilezile, mfano 1.32. Mzigo haubadiliki, mapumziko yanapata chakula chake.

Kapasita_Kavu: Sikubali. LLC weka mwisho, volti zisiyumbe, basi.

Rejesta64: Mkuu, LLC ya mwisho ndiyo inayorusha volti juu ghafla mzigo unapoachiwa. CPU-Z haiwezi kukuonyesha mruko huo, ni mfupi mno. Kuyumba kidogo kumewekwa makusudi.

Kapasita_Kavu: Basi zima C-states (hali za prosesa kupumzika), tatizo linaisha.

Rejesta64: Linajificha tu, na mashine inakula umeme na kutoa joto mchana kutwa.

Fundi_Molex: Tulieni niwaletee ya prosesa ya Q6600. FSB (mwendo wa basi ya prosesa) ya 400 MHz mara 9, yaani 3.6 GHz, ikizima kila gemu likianza. Volti za prosesa zilishaongezwa mara tatu na mafundi tofauti. Mita ilipowekwa kwenye plagi ya Molex, ncha nyekundu waya wa njano, nyeusi waya mweusi: 11.9 ikiwa imetulia. Gemu likaanza, 11.6, 11.3, 11.2, giza. Mwisho wa chini unaoruhusiwa kwa waya huo wa volti 12 ni 11.4. Kufungua pembeni, kapasita nne jirani na prosesa zimevimba vichwa, moja ina ukoko wa kahawia. Pawa saplai ikabadilishwa, kapasita zikabadilishwa kwa volti zilezile na uwezo uleule, prosesa ikarudishiwa volti zake za mwanzo. Ikatulia.

Pwani_PC: Duh! 11.2? Kapasita ulitumia za aina gani?

Fundi_Molex: Za polima, ESR (ukinzani wa ndani) ndogo. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujui, kapasita kubwa ya ndani hubaki na umeme hata ukichomoa.

Waya_Mwekundu: Kwenye Q6600 angalia na RAM. Ukiacha uwiano wa RAM na FSB "Auto" kwenye FSB 400, RAM ya DDR2-800 inaweza kusukumwa hadi kasi ya 1000. Weka 1:1.

Mtunza_Bodi: Na 2500K isilishwe RAM ya 1.65 V. Yake ni 1.5. Ipime RAM kwa programu ya Memtest86+ kijiti kimoja kimoja, mizunguko minne kila kimoja. Kodi 0x1A na 0x50 anza huko kwenye RAM, 0x101 anza na volti za prosesa.

Pwani_PC: Huku kwetu joto na vumbi kwanza. Safisha hitsinki (chuma cha kupoza prosesa), weka kati yake na prosesa pasta mpya kiasi cha punje ya mchele.

Kapasita_Kavu: Pasta paka yote, punje haifiki pembeni.

Pwani_PC: Inafika, hitsinki ikikaza. Pini nne zile za plastiki zibonyeze kwa mshazari mpaka kila moja ilie "ta". Moja ikilegea, nyuzi 90 ndani ya sekunde chache.

Mgeni_BIOS: Yangu inatoa kodi 0x7B kila umeme ukikatika, Windows 7. Niongeze volti?

Mtunza_Bodi: Usiongeze. Betri ya CR2032 ya kwenye bodi imekufa, BIOS inasahau mipangilio yake, na namna ya kuongea na diski (SATA) inatoka AHCI inarudi IDE. Weka betri mpya, rudisha AHCI, kisha endesha amri ya sfc /scannow inayorekebisha mafaili ya Windows, maana kuzimika ovyo huharibu mafaili.