Kubadilisha rejeta ya Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza nyumbani: ninaomba mwongozo

Boneti_Wazi

Habari za kazi, ndugu wanachama. Ninamiliki Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1992, yenye injini ya lita 1.6 na gia za mkono. Kwa muda sasa nimekuwa nikiona maji yakipungua kidogo kidogo kwenye tanki la akiba, na nilipomulika kwa tochi niliona ukoko mkavu kwenye mshono unaounganisha tanki la juu la plastiki na kiini cha alumini cha rejeta. Plastiki yenyewe, ambayo inapaswa kuwa nyeusi, imegeuka rangi ya kahawia. Gari halijawahi kuchemsha, na mshale wa joto kwenye dashibodi haujawahi kuvuka katikati.

Ningependa kuifanya kazi hii mwenyewe. Nina spana, bisibisi, koleo, jeki na stendi zake, na nimezoea kubadilisha mafuta na breki, ila mfumo wa kupoza injini sijawahi kuufungua. Je, ninunue rejeta ya aina ile ile yenye matanki ya plastiki, au ya alumini tupu yenye kiini kinene zaidi? Ni vitu gani vingine vibadilishwe wakati mfumo uko wazi? Aidha, nimeshauriwa kumwaga dawa ya kuziba matundu ndani ya rejeta ili niahirishe kazi yenyewe. Ningependa kusikia maoni yenu kuhusu hilo pia.

Spana_Kumi

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara: usimwage dawa hiyo. Dawa ya kuziba haichagui tundu la kuziba. Inazunguka na maji mfumo mzima na kuganda popote penye njia nyembamba, na njia nyembamba kuliko zote ni zile za rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambayo kuitoa ni kazi kubwa mara nyingi zaidi ya hii unayotaka kuikwepa. Isitoshe, tatizo lako si tundu. Plastiki iliyogeuka kahawia imechoka kwa joto la miaka mingi na imekuwa ngumu na yenye kuvunjika. Inapofikia hali hiyo haivuji tu mshononi, bali siku moja hupasuka ghafla gari likiwa safarini, na maji yote humwagika kwa muda mfupi sana. Ukoko uliouona ni onyo la mapema, na umefanya vyema kulitazama.

Kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa mtu mmoja mwenye subira. Anza injini ikiwa baridi kabisa. Mfumo huu hufanya kazi kwa mgandamizo wa karibu bar 1 juu ya ule wa hewa, na katika mgandamizo huo maji hayachemki hadi yafikie takriban nyuzi joto 120 za Selsiasi. Ukifungua mfuniko yakiwa moto, mgandamizo hushuka mara moja, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Tenganisha betri, ambayo kwenye gari hili iko ndani ya buti, ukianza na waya hasi. Inua mbele ya gari, liweke juu ya stendi, na usiingie chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Kisha toa kava la chini, weka beseni pana, na ufungue kizibo cha chini cha rejeta taratibu, kwa maana nacho ni cha plastiki na kina umri uleule wa rejeta.

Maji hayo yakusanye yote. Kulanti nyingi, yaani vimiminika vya kupozea injini, zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu inayowavutia mbwa, paka na hata watoto. Usiyaache kwenye beseni wazi wala usiyamwage mferejini. Yatie kwenye dumu lenye mfuniko na uyapeleke panapopokelewa taka za namna hiyo.

Mipira ya kupitisha maji, ya juu na ya chini, ikigoma kutoka, usiipinde kwa nguvu. Ikiwa unaibadilisha, na nakushauri uibadilishe, ipasue kwa kisu kwa urefu kisha uibandue. Upande wa rejeta haidhuru sana kwa kuwa inatupwa, lakini upande wa injini shingo ya nyumba ya temostati (vali inayofunguka maji yakipata joto) ikikwaruzika itavuja hata ukifunga mpira mpya. Baada ya hapo chomoa soketi za feni kwa kubonyeza vishikizo vyake, kamwe usivute nyaya. Plastiki ya soketi hizo imezeeka sawasawa na ile ya rejeta. Fungua bolti za vishikio vya juu, kisha nyanyua rejeta pamoja na feni zake moja kwa moja kwenda juu. Chini inakaa kwenye mipira miwili midogo. Hakikisha mipira hiyo haijanata kwenye rejeta ya zamani ukaitupa nayo, kwa sababu rejeta mpya ikikalia chuma bila mipira hiyo itatikisika na kupasuka.

Kuhusu vitu vya kubadilisha, mimi ningebadilisha mipira yote miwili mikubwa, temostati na gasketi yake, na mfuniko wa rejeta. Watu wengi huuacha mfuniko wa zamani kwa kuuona ni kifuniko tu, ilhali ni vali yenye springi: springi ikilegea, mgandamizo haufiki unapotakiwa na maji huchemka mapema. Temostati mpya ikiwa na kitundu kidogo chenye pini inayochezacheza, ifunge kitundu hicho kikiwa juu ili hewa ipate pa kupitia.

Upepo_wa_Mbele

Nakubaliana na mwenzangu, ila swali la aina ya rejeta limebaki bila jibu, nami nina maoni thabiti kuhusu hilo. Kwa gari la barabarani ambalo injini yake haijaongezwa nguvu, rejeta mpya ya plastiki na alumini yenye vipimo vya kiwandani inatosha kabisa. Ile ya kwanza imeishi miaka mingi. Hakuna sababu ya kuihesabu kuwa ni muundo mbovu. Faida ya alumini tupu ni kwamba matanki yamechomelewa, hivyo hakuna mshono wa mpira wa kuchoka. Hasara yake ni kwamba zile za bei ya chini mara nyingi huja na matundu ya bolti yasiyolingana na feni za asili, na mwenye gari hujikuta anatoboa na kukata vishikio vya kitu ambacho kilipaswa kuingia bila taabu.

Unene wa kiini nao hueleweka vibaya. Kiini kinene kina eneo kubwa la kutoa joto, ni kweli, lakini hewa hupenya kwa shida zaidi, na gari likiwa kwenye foleni linategemea feni pekee. Kabla ya kufikiria unene, tazama njia ya hewa. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, ikiwa gari lako linacho, na katikati ya viwili hivyo hujikusanya majani, vumbi na wadudu wa miaka yote. Rejeta ikiwa nje ndio wakati pekee wa kupafikia vizuri. Piga maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, bila mashine ya mgandamizo mkubwa, kwani itazilaza fini zote, yaani vibati vyembamba vya kiini.

Tena lirudishe kava la chini bila kukosa hata bolti moja. Wengi huliona ni la kuzuia matope tu. Kwenye MX-5 ndilo linaloilazimisha hewa inayoingia kupitia mdomo wa bampa ipite ndani ya rejeta. Likikosekana, hewa hutorokea chini na gari linaweza kupata joto hata likiwa kwenye mwendo wa kasi, mahali ambapo mwenye nalo hatarajii.

Jambo moja kuhusu mshale wako kutovuka katikati: usilitegemee kama ushahidi. Geji ya joto ya gari hili imetengenezwa ili mshale usimame palepale katika masafa mapana ya joto, na unapoanza kupanda tayari hali ni mbaya. Ukiweza, funga geji nyingine yenye kusoma nyuzi halisi.

Silinda_ya_Nne

Ninaongeza tahadhari kabla hujanunua chochote. Ni dhahiri kwamba rejeta imechoka, lakini usichukulie kwamba kila tone linalopotea linapitia hapo. Azima pampu ya mkono ya kupimia mgandamizo, ifunge mahali pa mfuniko, pandisha hadi kiasi kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe na usizidishe, kisha subiri. Mshale wa pampu ukishuka, pitia mipira, wota pampu na zulia la upande wa abiria ambako rejeta ya hita huvujia. Ukiona mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta injini ikiwashwa, fanya pia kile kipimo cha kimiminika cha buluu kinachogeuka manjano kikikutana na gesi ya moshi. Kikigeuka, ugonjwa uko kwenye gasketi ya silinda hedi na rejeta mpya haitautibu.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya umbile la injini yenyewe. Ilitokana na injini iliyolala kukingama kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na ilipogeuzwa kwa ajili ya MX-5, temostati na njia ya kutokea maji vilihamishiwa mbele. Matokeo yake ni kwamba maji mengi huingia na kutokea mbele, na silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa, hupata mzunguko hafifu kuliko nyingine. Kwa matumizi ya kawaida si tatizo, lakini hewa ikibaki ndani ya mfumo, silinda hiyo ndiyo huumia kwanza.

Boneti_Wazi

Nawashukuru sana, wakuu. Nimepima kwa pampu: uvujaji uko kwenye mshono wa rejeta tu, na hakuna mapovu. Nimeagiza rejeta yenye vipimo vya kiwandani pamoja na mipira, temostati na mfuniko. Limebaki swali la kujaza. Nikisafisha mfumo kwa maji matupu kwanza, nitajuaje kwamba mchanganyiko wa mwisho ni nusu kwa nusu? Na hewa naitoaje?

Spana_Kumi

Umeuliza jambo ambalo wengi hulipita. Ukifungua kizibo cha rejeta, maji yaliyo ndani ya bloku na rejeta ya hita hayatoki yote. Kwa hiyo baada ya kusafisha, ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, itakutana na maji matupu yaliyobaki na mwishowe itakuwa hafifu. Mfumo wa gari hili unachukua takriban lita 6. Mimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha jazia maji yaliyokenekwa hadi juu. Yale yaliyobaki ndani yatahesabika kama sehemu ya maji, na uwiano utakuwa sahihi. Chagua kulanti inayofaa alumini, na usiamini rangi yake, kwa kuwa watengenezaji hawatumii rangi kwa utaratibu mmoja.

Kwa hewa, rudisha betri, pandisha pua ya gari ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu kuliko pote, na uweke hita kwenye joto la mwisho. Jaza polepole huku ukiminyaminya mpira wa juu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza kadiri kimo kinavyoshuka, na ungojee mpira wa chini nao upate joto, ishara kwamba temostati imefunguka na maji yanapita kwenye kiini. Subiri feni iwake na kuzimika angalau mara moja. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ni moto, bado kuna hewa iliyokwama. Kimo kikitulia, funga mfuniko na ujaze tanki la akiba hadi alama ya juu.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, tazama tena. Kwa kawaida tanki la akiba litakuwa limeshuka kidogo kwa sababu rejeta imevuta maji kuziba nafasi ya hewa iliyotoka. Ongeza, na urudie ukaguzi huo kila asubuhi mpaka kimo kisishuke tena. Hadi hapo usilipeleke gari safari ndefu, na ukague kila klampu ikiwa imekaa nyuma ya ukingo wa shingo, siyo juu yake.