AR-7, M6 au rivolva ndogo: ipi inanifaa?

Mvuvi wa Kaskazini
Ndugu zangu, habari za leo. Uwezo wangu ni wa kununua silaha moja tu, nami nimebaki na tatu akilini: AR-7 na M6, ambazo ni bunduki ndogo za dharura za kujiokolea porini, na rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo ya risasi tano ya Smith & Wesson. Zote nimezipenda kwa historia yake na kwa ufundi uliotumika kuzifanya ndogo. Naomba ushauri wenu.

Fundi Chuma
Ndugu, hujasema unaishi wapi, unaitaka ya kutunza au ya kutumia, wala kama hiyo M6 ni ya jeshi au ya kiraia. Ile ambayo kampuni ya Ithaca iliwatengenezea marubani wa Jeshi la Anga la Marekani ina mitutu ya inchi 14, ilhali sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 huiweka bunduki ya marisau yenye mtutu usiofika inchi 18 katika kundi la silaha za kusajiliwa kwa utaratibu maalumu. Usitoe pesa kabla ya kupima mitutu.

Bi Zuhura
Mimi ni wa M6, na sababu ni usahili wake. Mtutu wa juu ni wa risasi ya .22 Hornet, wa chini ni wa marisau ya .410, na ndani ya kitako cha chuma mna nafasi za risasi tisa za Hornet na nne za marisau. Kifyatulio chake ni wenzo mrefu unaobanwa kwa vidole vyote, ili rubani aliyeanguka kwenye baridi afyatue bila kuvua glavu. Unaikunja, unaijaza, unaifunga.

Mzee wa Bandari
Kwa heshima, Bi Zuhura, M6 haielei. AR-7 aliyoibuni Eugene Stoner mwishoni mwa miaka ya 1950 huingiza mtutu, mwili na magazini ndani ya kitako chake cha plastiki, na ikitumbukia majini huelea juu juu. Jeshi la Anga liliichukua kwa ajili ya marubani wake.

Fundi Chuma
Hapana, Mzee wangu. Iliyopitishwa na jeshi mwaka 1956, kwa jina la MA-1, ni AR-5 ya ArmaLite, kampuni hiyohiyo iliyotoa AR-7; ni bunduki ya bolti, ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, ya .22 Hornet, nayo haikununuliwa kwa wingi. AR-7 ilitokana na wazo lile la kitako chenye uwazi, ikatengenezwa kwa soko la raia.

Baba Neema
Ndugu, kuhusu rivolva nakuonya. Niliwahi kununua moja nyepesi mno, ya fremu ya aloi, ya kampuni nisiyoitaja, nikaenda nayo uwanja wa shabaha na risasi zenye nguvu kubwa. Nne zilitoka vizuri, ya tano silinda ikagoma kuzunguka. Kwa msukumo wa zile nne, kichwa cha risasi ya tano kilikuwa kimechomoka kidogo kwenye ganda lake, kikatokeza mbele ya silinda na kugota kwenye fremu, hata silinda yenyewe isifunguke. Ilibidi fundi wa uwanja aje akirudishe nyuma kwa uangalifu mkubwa. Silaha ikiwa nyepesi hivyo, teke lake huzidi, na wa kwanza kulipata ni risasi zinazosubiri zamu.

Bi Zuhura
Jeshi la Anga lilijifunza hilo kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Colt na Smith & Wesson waliliundia rivolva za M13 zenye silinda ya alumini, ambazo hazikuhimili shinikizo la risasi ya kawaida ya .38, na hatimaye nyingi ziliharibiwa kwa amri.

Mvuvi wa Kaskazini
Samahani kwa kuchelewa. Niko Alaska, na nitaibeba kwenye mashua ninapokwenda kuvua.

Mzee wa Bandari
Basi AR-7! Ila risasi yake ya .22 ni ya sungura na ndege, dubu usimfikirie.

Fundi Chuma
Kwa dubu hakuna hata moja kati ya hizo tatu. Warusi waliliona tatizo hilo baada ya wanaanga wao Leonov na Belyayev kutua kwenye msitu wa Perm mwaka 1965, mbali na mahali palipokusudiwa. Bastola ya TP-82 waliyoipeleka angani kuanzia mwaka 1986 ilikuwa na mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa risasi, na kitako chake kilichomolewa kikawa panga.

Baba Neema
Hiyo panga ningeinunua peke yake. Ndugu Mvuvi, mashua yako ina kabati lisiloingia maji?