Aliyemgonga mdogo wangu anataka kuja kwenye hitma. Majuto ya mtu mnayatambuaje?

Dada_wa_Segera

Wadau, habari zenu. Mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Mwaka jana, usiku, aligongwa na fuso karibu na Segera, akafariki palepale barabarani. Dereva hakukimbia, hilo sitamnyima. Wiki ya pili, alipopata dhamana, alikuja nyumbani na tajiri wake. Tajiri alileta bahasha ya rambirambi na mchele kilo 50. Dereva akakaa ukingoni mwa mkeka, akasema, "Poleni sana." Basi.

Poleni! Neno lilelile nililoambiwa na muuza mkaa, na mwalimu wa wanangu, na kondakta aliyeniona nalia ndani ya basi hata nauli sijui nimeiweka wapi. Hao walinipa pole kwa sababu hawakuwa na mkono katika msiba wetu. Yeye anatupaje pole, kana kwamba mdogo wetu alipigwa na radi?

Mahakamani akasomewa shtaka, akajibu, "Ni kweli." Akaulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Akasema ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana mke na watoto watatu wanaomtegemea, na mama yake mgonjwa. Kesi iliyofuata ilikuwa ya kijana aliyeiba mbuzi. Naye ni mkosaji wa mara ya kwanza, naye mama yake mgonjwa. Mdogo wangu alitajwa jina mara moja, tena limekosewa. Baada ya hapo akawa "marehemu". Hukumu ikawa faini au jela, na tajiri akailipa kabla ya adhuhuri.

Sasa amemtuma imamu wa mtaani kwetu. Anaomba aje kwenye hitma ya mwaka. Mama anasema mwacheni aje. Mimi sitaki ale wali wetu kabla sijajua kama kweli amejuta. Mnajuaje? Usoni? Machozi? Nilimkazia macho mahakamani, nikaona mtu anayetazama saa.

Wakili_Mstaafu

Dada, pole. (Na mimi nimeitumia, sina nyingine.)

Yale maneno usiyahesabu, ya kumpendeza wala ya kumhukumu. Mahabusu hufundishana: ukipewa nafasi taja kosa la kwanza, mke, watoto, mzazi. Hakimu ameyasikia mpaka anaweza kukumalizia sentensi. Mtu anaweza kuwa anaungua ndani, na kinachotoka mdomoni kikawa hicho alichokaririshwa selo.

Kuna na jambo la bima, ambalo wengi hamlijui. Masharti ya bima nyingi za magari yanamzuia mwenye gari na dereva wake kukiri kosa kwa waliodhurika bila kampuni kuridhia. Nimewasikia matajiri wakiwaelekeza madereva wao mlangoni pa msiba: toa pole, usiongeze neno.

Upande wa pili, maneno mazuri nayo yasikulevye. Biljana Plavšić alikuwa rais wa Waserbia wa Bosnia. Mwaka 2002 alikiri shtaka la uhalifu dhidi ya ubinadamu mbele ya mahakama ya kimataifa ya The Hague na kutoa tamko la majuto lililosifiwa sana. Februari 2003 akapewa miaka 11. Mwaka 2009, akiwa bado gerezani Sweden, akaliambia jarida moja la huko kwamba hakuwa amefanya kosa lolote, alikiri ili mashtaka mengine yaondolewe. Na mwaka huohuo akatoka.

Dada_wa_Segera

Kwa hiyo hata ile pole ilipimwa na bima kwanza. Ahsante wakili, umenizidishia hasira.

AbuSalma

Toba ina masharti yake: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia. Ikiwa umemdhulumu mja, urudishe haki yake au umwombe radhi. Kujuta peke yako chumbani hakukutoshi. Huyo kijana anakuja kwa sababu analazimika kuja. Mpokeeni.

Dada_wa_Segera

Shehe, mwenye haki ni mdogo wangu, na hayupo wa kuombwa radhi.

Mwalimu_Fasihi

Kuhusu kusoma uso wa mtu: kuna riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942, nimeisomesha mara nyingi. Mfaransa mmoja wa Algeria anampiga risasi Mwarabu ufukweni. Kwenye kesi, kinachozungumzwa zaidi ya risasi ni kwamba hakumlilia mama yake siku ya mazishi. Alikunywa kahawa ya maziwa karibu na jeneza, akavuta na sigara. Hakimu mchunguzi alipomuuliza kama anajuta, alijibu kwamba anachosikia ni kero kuliko majuto. Anahukumiwa kifo.

Kila mwaka darasa langu lilibishana kama ana moyo au hana. Hadi msichana mmoja nyuma ya darasa akauliza: mwalimu, aliyeuawa anaitwa nani? Tukapekua kitabu chote. Hana jina. Hata mimi nilikuwa sijawahi kulitafuta. Ulipoandika "marehemu" nikamkumbuka msichana yule.

Wa_Kibungo

Mimi ni Mnyarwanda, naishi Mwanza miaka mingi. Kiswahili changu mtanisamehe.

Kwetu Rwanda kulikuwa na gacaca, mahakama za wanakijiji za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994. Zilienea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa 2012. Nilikuwa nakaa kwenye nyasi na mama yangu mkubwa siku za kusikiliza. Sheria ilitaka mtu akiri aliyoyafanya, awataje alioshirikiana nao, aseme miili iko wapi, kisha aombe radhi mbele ya watu. Aliyekiri alipunguziwa kifungo, na sehemu ya kifungo akaitumikia kwa kazi za jamii. Kwa hiyo ndiyo, wapo walioomba radhi kama wanaosoma risiti. Tuliwaona. Kila mtu aliwaona.

Mama mkubwa hakujali. Nilikuwa nakasirika, namwambia huyu anadanganya, hata hatoi chozi. Akaniambia: machozi yake nitayapeleka wapi? Alikuwa anataka kuambiwa shimo lipo upande gani wa mgomba. Siku alipoambiwa, alinyanyuka akaenda, hakusubiri hata yule mtu amalize kuomba radhi.

Dada, kuna kitu ambacho ni huyo dereva peke yake anakijua?

Dada_wa_Segera

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Ndiyo, kipo. Yeye ndiye aliyekuwa na mdogo wangu mwishoni.

Dada_wa_Segera (baada ya hitma)

Narudi kuwapa mrejesho, maana wengine mmeniuliza pembeni.

Alikuja na mjomba wake. Kanzu ya kuazima, mikono ilimfika kwenye vidole. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima. Mama akaniwahi. Hakumuuliza kama anajuta. Alimuuliza, "Mwanangu alisema nini?"

Akanyamaza mpaka nikadhani hatajibu. Halafu akasema alishuka kwenye gari akamkuta yupo hai bado. Akamwekea shati lake chini ya kichwa. Mdogo wangu alikuwa anageuza macho anatafuta kitu, akamwambia, "Pikipiki ya watu hiyo, iinue." Naye akaenda akaiinua, akaiegesha pembeni. Aliporudi alikuwa amekwisha kata roho.

Mama alicheka. Nasema kweli, alicheka kwa sauti, wanawake wa jikoni wakachungulia. Maana ndiye yeye kabisa! Pikipiki haikuwa yake, alikuwa anapeleka hesabu kila jioni, na kila siku ilikuwa msiiguse, pikipiki ya watu. Kisha kicheko kikageuka, mnajua wenyewe.

Dereva hakuomba radhi. Mjomba wake ndiye aliyeomba, kwa maneno marefu. Yeye alikula kidogo, akaosha mikono, akatuuliza ile pikipiki ilirudishwa kwa mwenyewe. Tukamwambia ilirudishwa.

Wakili, sikuona machozi. Wala sikumtazama sana.