Mrejesho: kile kilele cha ziada kwenye oksidi ya shaba

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini unga wa shaba niliouchoma kupata CuO (oksidi nyeusi ya shaba), ulipopimwa unavyofyonza eksirei, ulikuwa na kilele cha ufyonzaji karibu na elektronivolti 931 (kipimo cha nishati) na kingine karibu na 934. Mliosema cha 934 ni Cu₂O, oksidi nyekundu ya shaba yenye oksijeni pungufu, mlipatia. Nilipasua bonge lililobaki hapa Kampala: nje jeusi tii, ndani jekundu kama udongo wetu! Umeme ulikatika tanuri likiwa katikati ya kazi, nami nikajifanya sijaona.

Cha 931 ni elektroni ya 2p (ganda la ndani la atomu ya shaba) kuziba nafasi moja iliyo wazi kwenye 3d (ganda la nje zaidi). Cu₂O haina nafasi hiyo, 3d imejaa, ndiyo maana inafyonza kwenye nishati ya juu zaidi.

Nimesaga, nimechoma upya usiku kucha. Vipimo vipya vya eksirei kutoka Trieste, Italia: cha 934 kimebaki kivimbe tu.