Yule bondia kipara aliyemtikisa Muhammad Ali, nani anamkumbuka?

Mtoto wa Konde:
Asalam aleykum jamaa. Ami yangu, Mungu amrehemu, ikitajwa ngumi tu husema: "Frazier na Foreman waacheni, mwenye konde ni yule kipara." Jina hamtaji. Nani huyu? Yu hai?

Chumbe:
Si Foreman huyo huyo? Mbona naye kipara.

Mzee wa Mkunazini:
Waaleykum salaam. Chumbe, Foreman kanyoa ukubwani, miaka ya sabini alikuwa na nywele zake. Anayesemwa ni Earnie Shavers, mtu wa Alabama. Kafariki 1 Septemba 2022, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 78. Huku kwetu habari ilipita kimya, maana mkanda wa dunia hakuwahi kuuvaa.

Mie nilimuona kwenye kanda ya video, kaileta kaka yangu kutoka Muscat. Wakati huo ngumi Zanzibar marufuku tangu enzi ya Mzee Karume, basi tukiangalia mlango tumeutia komeo, ingawa kuangalia hakukatazwa na mtu! Ni lile pambano na Ali, New York, 29 Septemba 1977. Raundi ya pili Shavers kamshushia kulia, Ali kalegea. Mjanja yule, akaanza kujipepesua makusudi, katoa macho, anamwita aje. Shavers akasita, kadhani anategwa. Irudisheni hapo, musiangalie uso wa Ali, angalieni miguu. Uso unafanya mzaha, miguu haina habari na mzaha.

Watu humsema Shavers hana pumzi. Sikubali. Usiku ule kenda raundi zote 15, na ya 14 Ali ndiye aliyekuwa hoi. Lililomponza ni kule kusita. Na jengine: televisheni ya NBC ilikuwa ikionesha alama za majaji kila raundi ikimalizika. Kona ya Ali ikaweka mtu wa kuangalia, wakajua wanaongoza. Kona ya Shavers haina habari. Kashindwa kwa pointi. Ali mwenyewe baadaye akasema kapigwa konde hata jamaa zake Afrika wakatikisika.

Mwaka 1979 kamlaza Ken Norton raundi ya kwanza. Mwaka huo huo, kugombea mkanda, akamuangusha Larry Holmes raundi ya saba, kulia ile ile. Holmes kaanguka kama gunia la karafuu, na bado akainuka! Akammaliza Shavers raundi ya 11.

Chumbe:
Haya, nimekubali. Mzee, na hizi ngumi zilizorudi Unguja 2023 unaziangalia?

Mzee wa Mkunazini:
Naziangalia. Vijana wana moyo, ila wengi wanapiga kwa nguvu ya mkono peke yake. Konde la Shavers likianzia kisiginoni, likapita kiunoni, mkono ndo wa mwisho.

Mtoto wa Konde:
Ahsante babu. Nimeitafuta ya Ali, bando limeniishia raundi ya tisa.

Mzee wa Mkunazini:
Tia jengine, za mwisho ndo tamu. Halafu tafuta ya Ron Lyle, Denver, 1975. Shavers kamuangusha Lyle raundi ya pili, nikajua yamekwisha. Ya sita kalala yeye.