Astropy kwenye Ubuntu: pip, conda au apt?

kimondo_moro: Wakuu habari za jioni. Nimepewa mafaili ya FITS (aina ya faili la picha na data za anga) ya nyota zinazobadilika mwanga kwa ajili ya projekti ya mwaka wa mwisho, nahitaji Astropy na photutils, maktaba za Python za kazi za anga. Kila ninayemuuliza njia ya kuziweka ana lake, huyu pip (ya Python yenyewe) inatosha, yule bila conda (inaweka vifurushi na mazingira yake) utalia, mwingine apt (ya Ubuntu). Niende na ipi? Nataka nianze leo bando la usiku likiingia.

dada_terminali: Ubuntu ya ngapi mkuu? Laptopu yako ina nafasi kiasi gani? Na hilo bando ni GB ngapi, maana Anaconda nzima (conda pamoja na rundo la vifurushi) inakula kama GB moja kuidaunlodi tu.

mpigapip: Maswali ya nini yote hayo. Tengeneza venv, yaani mazingira ya Python ya pembeni yasiyogusa ile ya mfumo: `python3 -m venv nyota`, halafu `source nyota/bin/activate`, halafu `pip install "astropy[recommended]" photutils`. Imeisha hiyo. Alama za kunukuu usiziache, ukiwa kwenye zsh itakugomea.

kimondo_moro: Ubuntu 24.04. Pip nilishajaribu ikaandika externally-managed-environment, jamaa akaniambia niongeze `--break-system-packages`

dada_terminali: USITHUBUTU. Si imeandikwa break kabisa? Kuanzia 23.04 Ubuntu wamefunga Python ya mfumo makusudi kwa sababu vitu vyao wenyewe vinaitegemea. Tengeneza venv, ikikataa anza na `sudo apt install python3-venv`.

bwana_conda: Mimi Miniforge (conda ndogo ya bure) mpaka kesho. Pale tulipokuwa kulikuwa na mashine moja ya maabara tunagawana wote, kila kitu kimewekwa pamoja hakuna environmenti wala nini, sasa jamaa mmoja anataka kifurushi chake kipya akapiga `pip install --upgrade numpy`, maktaba ya hesabu ambayo nyingine zinaitegemea, ikapanda kutoka 1 kwenda 2 ile iliyotoka 2024. Yeye chake kikafanya kazi akaenda zake nyumbani. Asubuhi kila anayefungua skripti anakutana na mistari myekundu eti moduli imekompailiwa kwa NumPy 1.x haiwezi kwenda na 2, na kuna dada alikuwa na prizentesheni siku hiyo hiyo, tukaanza kurudisha matoleo moja moja bila kujua nani alikuwa na toleo gani kwa sababu hakuna aliyewahi kupiga `pip freeze` ya kuorodhesha matoleo. Tangu hapo kila projekti na environmenti yake.

mpigapip: Sasa hapo kosa la pip liko wapi? Umeeleza faida ya venv kwa aya nzima. Na hao Anaconda kampuni ikizidi watu 200 wanataka hela.

bwana_conda: Nimesema MINIFORGE, inavuta vifurushi kutoka conda-forge, hazina ya jamii, hakuna anayelipa. Soma kwanza ndugu yangu.

mzee_wa_IRAF: Vijana mnapigania nini, `sudo apt install iraf` mambo yanakwenda, ile programu ya zamani ya kuchakata picha za anga. Photometri (kupima mwanga wa nyota) tumefanya humo miaka na miaka.

mpigapip: Mzee shikamoo, lakini NOAO, kituo cha anga cha Marekani kilichoitengeneza, si waliachana nayo 2013?

mzee_wa_IRAF: Marahaba. Waliojitolea bado wanaitunza. Nyie photutils kila toleo jipya skripti ya jana inalalamika.

zuhura88: Naona mnamsahau mwenye bando. Kimondo, nenda chuoni kwenye waifai upige `pip download -d mizigo astropy photutils`, folda hiyo weka kwenye flashi, nyumbani ndani ya venv unapiga `pip install --no-index --find-links mizigo astropy photutils`. Ila mashine ya chuo iwe na Python toleo lile lile na Linux pia, la sivyo umebeba mzigo bure. Kingine, ukianza kurekebisha muda wa mwanga kufika, Astropy inaweza kutafuta jedwali la IERS la mzunguko wa dunia mtandaoni, kama huna neti inakaa weee halafu inatoa onyo au eror. Zima kwa `iers.conf.auto_download = False`, data zako kama ni za zamani jedwali linalokuja na pip linatosha.

kimondo_moro: Asante dada. Kumbe apt hakuna aliyeitetea

dada_terminali: Inafanya kazi, ila inakupa toleo lililogandishwa na Ubuntu yako. Mimi ningeitumia kwa DS9 tu, programu ya kuangalia picha za FITS, `sudo apt install saods9`.

bwana_conda: DS9 ya nini wakati kuna matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu na picha

mzee_wa_IRAF: Haya sasa! Wewe picha ya CCD (kamera ya darubini) unaiangalia kwa matplotlib?